Macho Huzimika Kabla ya Akili

Vijana wa Kasongo wananiuliza sana habari za Sukhoi-25, ndege za vita za jeshi letu la Kongo. Mimi ni daktari. Naweza kuwaeleza yanayompata rubani ndani yake.

Dokta, ni kweli rubani mzima wa afya anaweza kuzimia angani?

Kweli kabisa. Ndege ikikata kona kali, mwili unalemewa. Mzigo huo tunaupima kwa G. Hapa chini sote tuko kwenye G 1. Sukhoi-25 imeundwa kuhimili hadi G 6.5, na hapo rubani wa kilo 70 analemewa kama ana kilo 455. Damu yake nayo inakuwa nzito. Fikiri mama anayevuta maji kisimani: ndoo ni ileile, kamba ileile, lakini ghafla maji yana uzito mara tano. Moyo ndio huyo mama. Kutoka moyoni hadi kwenye ubongo ni sentimita 30 hivi, na kila G inakula presha ya karibu milimita 22 za zebaki. Mwenye presha ya 120, akifika G 5, kichwani anabakiwa na 10 tu.

Mbona macho yanatangulia?

Jicho lina presha yake ndani, milimita 15 hivi, na damu iliyokuja kinyonge haiwezi kuishinda. Kwanza rangi zinapauka, halafu pembeni panajifunga, anaona kama anachungulia kwenye bomba, mwisho giza tupu. Na bado anaisikia redio! Wewe pia umeonja kidogo: umeinama unapalilia mihogo, unasimama ghafla, mbele panakuwa giza.

Basi giza ni onyo. Kwa nini bado wanakufa?

Hapo ndipo panaponiuma. Onyo huja G zikipanda polepole. Jicho na ubongo vina akiba ya oksijeni ya sekunde 4 hadi 6. Ndege ikijikunja kwa nguvu, akiba inakwisha kwa pamoja, na rubani anazimia bila kuona giza lolote. Analala sekunde 12 hivi, mikono ikirukaruka, pengine akiota. Akizinduka, anahitaji muda kama huo tena kujua yuko wapi. Wengi hawakumbuki kwamba walizimia.

Wanajikinga vipi?

Kuna suti inayobana tumbo na miguu. Wilbur Franks wa Toronto aliitengeneza ya maji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Za leo zinajazwa hewa. Suti inamwezesha rubani kustahimili G 1 hivi zaidi. Kukaza mapaja na tumbo huku ukibana pumzi na kuibadilisha haraka kila sekunde 3 kunasaidia zaidi. Mwenye kiu, au aliyeharisha jana, asiruke.

Na kiti?

Kiti cha F-16 ya Marekani kimelazwa nyuma digrii 30, ili kichwa kisiwe juu sana ya moyo. Kwa sababu hiyohiyo nawaomba sana: mtu akizimia sokoni au kanisani, msimkalishe. Mlazeni chali, mwinueni miguu.