Vitamini E na Uzazi wa Dume: Anza na Majani, Sindano Baadaye

Ndugu mfugaji wa Kawajense,

Ng'ombe wako wakipandwa kisha wakarudia joto baada ya siku 21, usikimbilie chupa ya vitamini. Akirudia jike mmoja, mchunguze yeye. Wakirudia wengi, mchunguze dume.

Kazi ya vitamini E

Vitamini E hulinda utando wa nje wa mbegu za dume usiharibike. Ng'ombe huipata kwenye majani mabichi na kuiweka akiba katika ini na mafuta. Majani yakikaukia juani, sehemu kubwa hupotea. Huku Katavi mvua hukatika karibu Mei na kurudi Novemba, hivyo akiba hupungua kadiri kiangazi kinavyoendelea.

Mbegu huchukua takriban miezi 2 kukomaa. Dume anayepanda Desemba anatumia mbegu zilizoanza kutengenezwa Oktoba, malisho yakiwa makavu. Kwa hiyo mtunze mapema.

Fanya hivi

1. Kata majani yanapoanza kutoa maua, yakaushe kivulini na kuyahifadhi pasipovuja.
2. Kuanzia Septemba, mwongezee dume majani mabichi ya lukina au marando ya viazi ya bondeni, chumvi ya madini na maji ya kutosha.
3. Usimlishe dume mashudu ya pamba kwa wingi. Yana sumu iitwayo gosipoli, ambayo huharibu mbegu. Ya alizeti ni salama zaidi.
4. Dume aliyekomaa apewe majike 25 hadi 30. Dume kijana apewe wachache.

Vitamini haitibu kila kitu

Ugonjwa wa kutupa mimba, ugonjwa unaoletwa na ndorobo, njaa na kuumia korodani pia huharibu uzazi. Vitamini haiponyi magonjwa hayo. Mwite ofisa mifugo wa kata ampime dume kwanza.

Sindano ya vitamini E mara nyingi huwa na madini ya seleniamu ndani yake. Seleniamu ikizidi huua ng'ombe. Kipimo hufuata uzito wa mnyama, kwa hiyo usikisie.

Zoezi la nyumbani

Andika kwenye daftari tarehe ya kila jike kupandwa, na kila anayerudia joto. Jike asiyeshika mimba ni ndama aliyekosekana na maziwa ya watoto yaliyokosekana. Daftari hilo litamwonyesha mtaalamu pa kuanzia.