Makofi, Vigelegele na Tunzo: Hadhira Inamwambia Nini Mwimbaji Mkongwe Anapoimba Nyumbani?

Katika somo la fasihi simulizi tunafundishwa kwamba kila onyesho lina pande mbili: fanani na hadhira. Lakini katika kazi zetu upande wa pili hupewa mstari mmoja tu. Tunachambua maneno ya wimbo, tunahesabu mizani, tunataja tamathali za semi, kisha tunafunga: "hadhira ilifurahi na kushangilia." Makala hii inaichukua sentensi hiyo ya mwisho na kuuliza imeficha nini. Hoja yangu ni kwamba itiko la hadhira ni lugha yenye kanuni zake, na kwamba kanuni hizo huonekana wazi zaidi mwimbaji mzee anapoimba mbele ya watu wa kwao.

Mfano wangu unatoka mbali na milima yetu ya Lubero. Ni Bi Kidude wa Unguja. Nimemchagua kwa sababu aliimba kwa Kiswahili, aliimba hadi uzeeni kabisa, na katika miaka yake ya mwisho aliimba nyumbani mbele ya hadhira mbili kwa wakati mmoja.

1. Mwimbaji na uwanja wake

Jina lake lilikuwa Fatuma binti Baraka. Alizaliwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 20. Alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab ambaye mwaka 1928 alirekodi santuri huko Bombay. Bi Kidude alishika njia mbili: taarab, na ngoma ya unyago ambayo kwayo wasichana hufundwa mambo ya utu uzima. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya kimataifa ya WOMEX. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013.

Tangu mwaka 2004, tamasha la Sauti za Busara hufanyika Mji Mkongwe mwezi Februari, na kwa miaka mingi jukwaa lake kuu lilikuwa ndani ya Ngome Kongwe. Bi Kidude alipanda jukwaa hilo mara kadhaa. Mbele yake walisimama wageni kutoka Ulaya na kwingineko, wengi wao wasiojua Kiswahili, na kando yao wenyeji wa kisiwa, ambao baadhi yao walikuwa wamemsikia tangu utotoni katika harusi na unyago. Mwimbaji ni mmoja, wimbo ni mmoja, lakini hadhira zilikuwa mbili. Kwa mwanafunzi wa lugha, hilo ni darasa zima.

2. Njia nne za kuitikia

Ya kwanza ni makofi. Makofi kwa kawaida huja wimbo unapokwisha. Yanajibu onyesho zima, hayachagui neno. Mtu asiyeelewa lugha anaweza kupiga makofi kwa haki kabisa, kwa kuwa anashangilia sauti, ngoma, au umri wa anayeimba. Mgeni aliyemwona bibi mzee sana akiipiga ngoma ndefu ya unyago alikuwa na sababu ya kustaajabu. Lakini mshangao wake ulimhusu mwimbaji kuliko alichokuwa akikisema.

Ya pili ni vigelegele. Hivi ni vya wanawake, na havingoji mwisho. Hukata wimbo katikati, mara nyingi baada ya neno lenye makali au fumbo lililofumbuka. Kwa hiyo kigelegele ni kama mstari unaopigwa chini ya neno: kinaonyesha mahali maana ilipofika. Mtafiti anayesikiliza kanda ya taarab anaweza kufuata vigelegele na kujua hadhira iliona uzito wapi, hata kabla ya kuuliza mtu.

Ya tatu ni kuitikia kwenyewe, yaani kuimba kiitikio. Hapa hadhira inaacha kuwa mpokeaji tu. Inaingia ndani ya matini na kuikamilisha. Wimbo kama "Muhogo wa Jang'ombe" ulikuwa ukiimbwa Unguja kabla Bi Kidude hajawa maarufu duniani. Kwa hiyo mwenyeji aliyeuitikia alikuwa akiimba mali ya pamoja, na mwimbaji alikuwa mwenye zamu ya kuuongoza.

Ya nne ni kutunza. Katika taarab, msikilizaji huinuka, huenda mbele akicheza polepole, na kumpa mwimbaji noti mkononi au kumwekea kwenye paji la uso. Anachagua wakati. Akiinuka kwenye ubeti unaosema juu ya fitina, wote walioketi wanajua kwamba ubeti huo ameufanya wake, na pengine wanajua pia anayelengwa ni nani. Hajasema hata neno moja, lakini amesema. J. L. Austin, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alituonyesha kwamba kusema ni kutenda. Kutunza kunatufundisha upande wa pili wa jambo hilo: kutenda nako ni kusema, mradi wahusika wanajua kanuni.

3. Neno moja, maana mbili

Katika zoezi moja la tafsiri tuliombwa kuhamisha sentensi hii kwa Kifaransa: "Wanawake walimtunza mwimbaji." Darasani yalitokea majibu matatu: applaudir, donner un pourboire, na soigner. Tulicheka, lakini kila jibu lilikuwa limeshika kipande cha ukweli.

Kwetu Butembo na Beni, kutunza tunakujua zaidi kwa maana ya kulinda na kuweka vizuri: kutunza mbegu, kutunza mtoto, kutunza faranga. Pwani wanayo maana hiyo, na wanayo pia ya kumpa mtu zawadi kwa kazi nzuri, karibu na kutuza, ambako tunapata tuzo na tunzo. Nadhani ukaribu huo unasaidia kueleza kwa nini kutunza si sawa na bahashishi ya hoteli, wala na matabishi ya sokoni. Matabishi ni nyongeza baada ya biashara. Tunzo huonyesha kwamba mtoaji anautambua wajibu wake kwa mwimbaji. Kwa mwimbaji kijana, wajibu huo unakwisha na wimbo. Kwa mwimbaji mkongwe, maana ya kwanza ya neno inarudi: aliyetulea kwa nyimbo naye anastahili kulindwa. Makofi hayawezi kuuliza swali hilo, hata yakipigwa na umati mkubwa kiasi gani.

4. Tukilinganisha na mabanga

Msomaji wa hapa atauliza: je, sisi hatuna jambo hilo? Tunalo, lakini limegeuzwa. Katika muziki wa Kinshasa, shabiki mwenye mali humlipa mwanamuziki ili jina lake litajwe katika wimbo. Kwa Kilingala huitwa kutupa libanga, yaani jiwe, na wingi wake ni mabanga. Pwani, msikilizaji anatoa noti ili kulichukua neno la wimbo liwe lake. Katika mabanga, anatoa pesa ili jina lake liingie katika wimbo. Kote pesa inazungumza, lakini katika tunzo msikilizaji anaufuata ubeti, na katika mabanga wimbo unamfuata msikilizaji. Sisemi kwamba moja ni safi na nyingine chafu. Nasema kwamba ukitafsiri zote mbili kwa neno "kushangilia", tofauti hiyo inapotea.

5. Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kasugho na vijiji vya jirani vina wazee wanaojua nyimbo za mavuno, za ndoa na za kilio. Hakuna tamasha linalowaita jukwaani. Tangu mauaji yaliyoanza Beni mnamo Oktoba 2014, na tangu jimbo letu lilipowekwa chini ya utawala wa kijeshi mwezi Mei 2021, kukusanyika usiku kumekuwa kugumu, na familia nyingi zimehama. Wimbo unaweza kurekodiwa kwa simu chumbani, na mzee mmoja anatosha. Itiko halirekodiwi hivyo. Linahitaji watu waliokaa pamoja na wanaojua wakati wa kuingia. Kwa hiyo hadhira ikitawanyika, itiko hupotea kabla ya wimbo, na sisi tunabaki na maneno yasiyo na majibu.

Napendekeza zoezi kwa wenzangu watakaokwenda likizoni. Mkimrekodi mzee, msimrekodi peke yake. Waombeni watu wa rika lake waketi naye. Andikeni kila sauti ya hadhira mahali pake: nani aliingia, baada ya neno gani, kwa Kinande, kwa Kiswahili au kwa ishara. Ulizeni kitendo hicho huitwaje kijijini, na liandikeni jina hilo kama lilivyotamkwa, bila kulitafsiri haraka. Neno wasingya, asante ya kwetu, likitamkwa katikati ya wimbo linaweza kuwa na kazi nyingine kuliko likitamkwa mwishoni. Hatutajua mpaka tuandike lilipotamkwa.

Na mzee akimaliza, mtunzeni, kwa maana zote mbili.