Kitabu cha Al-Khwarizmi kipo bure, mbona hatukisomi?



Nianze kwa kukiri aibu yangu. Ninafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule moja ya sekondari hapa Mbezi Luis. Siku moja, darasani kidato cha tatu, nilikuwa naeleza mchango wa Waislamu katika elimu. Nikawaambia vijana kwa sauti kubwa kwamba aljebra ni elimu iliyoandikwa na Muislamu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, katika Baghdad ya Khalifa al-Ma'mun. Nikawaambia kuwa hata neno aljebra limetoka katika jina la kitabu chake, na neno algoriti limetoka katika jina lake mwenyewe.

Binti mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono. Akauliza kwa adabu: "Ustadhi, wewe umekisoma hicho kitabu?"

Nilikuwa sijakisoma. Sikuwa nimekiona hata jalada lake. Miaka yote ile nilikuwa nafundisha sifa ya kitabu, sifundishi kitabu.

Ndugu msomaji, naamini ugonjwa huu si wangu peke yangu. Katika mihadhara yetu majina ya Al-Khwarizmi, Ibn Sina na Omar Khayyam hutajwa sana. Lakini ukiuliza ni nani katika ukumbi amesoma japo ukurasa mmoja wa kazi zao, utapata kimya. Wakati huo huo watoto wetu wengi wanafeli hisabati katika mtihani wa kidato cha nne. Fahari ya mababu haimsaidii mtoto aliyekaa mbele ya karatasi ya mtihani.

KITABU KINAPATIKANA WAPI?

Jioni ile niliingia kwenye intaneti kwa simu yangu. Kwanza nilitafuta kwa jina la Al-Khwarizmi, nikapata makala nyingi za sifa na vitabu vya kununua kwa dola. Baadaye nikajifunza siri moja ambayo napenda kila mwalimu aijue: vitabu vya zamani hutafutwa kwa jina la mfasiri na kwa maandishi ya zama zake. Waingereza wa wakati ule hawakuandika Al-Khwarizmi, waliandika Mohammed ben Musa. Nilipoandika hivyo, pamoja na jina la mfasiri Frederic Rosen, kitabu kikatokea. Kilichapishwa London mwaka 1831. Kipo chote, bure, katika maktaba ya intaneti iitwayo Internet Archive.

Rosen alikuwa Mjerumani, kijana ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30. Alitumia nakala ya mkono iliyohifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Jambo la kufurahisha ni kwamba aliweka tafsiri ya Kiingereza pamoja na maandishi yote ya Kiarabu. Kwa hiyo mwalimu wa hisabati asiyejua Kiarabu atafaidika, na ustadhi wa madrasa ambaye Kiingereza chake ni kidogo naye atafaidika.

Vipo na vingine. Tafsiri ya Kilatini ya kitabu hicho hicho, iliyofanywa na Robert wa Chester mwaka 1145, ilitolewa pamoja na Kiingereza chake na Louis Karpinski mwaka 1915. Kitabu cha jiometri cha Euclid, ambacho wanazuoni wa Baghdad walikifasiri kutoka Kiyunani, kipo katika Kiingereza cha Thomas Heath cha mwaka 1908. Hesabu za Wahindi, Brahmagupta na Bhaskara, zilifasiriwa na Colebrooke mwaka 1817.

Je, ni halali kuvichukua? Ndiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inalinda kazi katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rosen alifariki mwaka 1837. Lakini tafsiri mpya, kama ile ya Roshdi Rashed iliyotoka karne hii, ina mwenyewe. Kuinakili kwa magendo kwa sababu tu ni elimu ni kuvunja amana.

NDANI YAKE MNA NINI?

Kwanza, hamna alama za x wala y. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno. Tena maneno mengine ni yetu kabisa. Ile namba iliyozidishwa kwa yenyewe, Al-Khwarizmi anaiita *mal*, yaani mali. Namba yenyewe anaiita *jidhr*, yaani shina. Namba isiyojulikana anaiita *shay'*, yaani kitu.

Mfano wake mashuhuri ni huu: mali moja pamoja na mashina yake kumi ni sawa na dirham 39. Shina ni ngapi? Anasema: chukua nusu ya mashina, ni 5. Izidishe kwa yenyewe, 25. Ijumlishe na 39, unapata 64. Shina la 64 ni 8. Toa ile 5, inabaki 3. Basi shina ni 3 na mali ni 9. Hakikisha mwenyewe: 9 na 30 ni 39.

Kisha anachora. Mraba mmoja ni mali. Pembeni na chini yake anaweka vipande viwili, kila kimoja kina upana wa 5. Vyote pamoja ni 39. Kona moja inabaki wazi, nayo ni 5 mara 5. Ukiiziba kwa 25, unapata mraba mkubwa wa 64, ambao upande wake ni 8. Mimi na mwenzangu wa hisabati tulikata maboksi ya katoni, tukawapa wanafunzi wapange wenyewe. Kijana mmoja ambaye siku zote hukariri kanuni bila kuielewa akasema: "Kumbe tunaziba kona tu!"

Pili, na hili ndilo lililonishangaza zaidi, karibu nusu ya kitabu ni wasia na mirathi. Katika utangulizi mwandishi anaeleza kuwa alikusudia hesabu ambazo watu wanazihitaji kila siku katika mirathi, wasia, mgawanyo, kesi, biashara na kupima ardhi. Yaani aljebra ilikaa nyumba moja na fiqhi.

Tazama suala lake moja. Mtu amekufa, ameacha watoto wawili wa kiume, na ameusia theluthi ya mali kwa mtu wa nje. Ameacha dirham 10 taslimu, na mmoja wa watoto alikuwa na deni lake la dirham 10. Al-Khwarizmi anakiita "kitu" kile kinachokatwa kutoka katika deni. Mali inakuwa 10 na kitu. Ukitoa theluthi na kugawa kilichobaki kwa wawili, fungu la kila mtoto linakuwa 3 na theluthi pamoja na theluthi ya kitu. Fungu hilo ni sawa na kitu chenyewe. Basi kitu ni 5. Zile dirham 10 taslimu wanagawana mtu wa nje na yule mtoto asiyedaiwa, 5 kwa 5, na mdaiwa anakatiwa fungu lake katika deni.

Hapo darasa langu la dini likageuka darasa la hisabati. Tukarudi mtaani kwetu. Mzee amefariki, ameacha mke, mtoto wa kiume na wa kike, na kiwanja kilichouzwa shilingi milioni 24. Mke ana thumuni, milioni 3. Zinabaki 21, wa kiume 14 na wa kike 7. Ndugu msomaji, unajua ni familia ngapi hapa mjini zimegombana kwa sababu hakuna aliyejua kupiga hesabu hii. Na maneno nusu, robo, thumuni, theluthi na sudusi, lugha yetu imeyabeba kutoka huko huko.

TAHADHARI

Mfasiri si mtume. Katika masuala ya mwisho ya kitabu, yanayohusu ndoa na kumwacha huru mtumwa katika maradhi ya mauti, Rosen aliandika kwamba majibu mengi ya Al-Khwarizmi si sahihi kihisabati, kwamba amelazimisha hesabu ifuate sheria. Mwaka 1938 mtafiti Solomon Gandz alimjibu, akaonesha kuwa mwandishi alikuwa anafuata kanuni za fiqhi, na kwamba asiyezijua ataona kosa pasipo na kosa. Hapa ndipo mwalimu wa hisabati anapomhitaji ustadhi, na ustadhi anapomhitaji mwalimu wa hisabati.

Kwa hiyo, nashauri hivi. Shusha picha za kurasa zenyewe, usitegemee maandishi yaliyosomwa na mashine, maana Kiarabu huvurugika. Tatua suala mwenyewe kabla ya kuingia darasani. Usitoe nakala ya kitabu kizima. Kurasa mbili tatu za steshenari zinatosha kwa wiki. Na tuache kudai kwamba Waislamu walianzisha kila kitu. Waliokuwa Baghdad walichukua kwa Wayunani na Wahindi, na baadhi ya wafasiri wao wakubwa, kama Thabit bin Qurra, hawakuwa Waislamu. Utukufu wa watu wale ni kwamba walitafuta vitabu, wakavifasiri, wakavisoma, kisha wakaongeza cha kwao.

Mimi na mwenzangu tumeanza kuyaweka masuala ya mirathi katika Kiswahili, moja kila wiki. Yule binti ndiye anayehakiki majibu. Ameshatukamata makosa mawili.

Wabillahi tawfiq.