Mchuzi Mwepesi wa Nyama na Maharage

Mgonjwa wa shinikizo la damu akitoka hospitali hupikiwa sufuria yake peke yake. Baada ya wiki anachoka, anarudia chumvi na mafuta, kisha tunampokea tena wodini. Afadhali familia nzima ile chakula kimoja kinachomfaa.

Mahitaji (watu 6): nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyo na mafuta, robo kilo; maharage yaliyokwisha kuiva, vikombe 3; nyanya 4; kitunguu, karoti, pilipili hoho, kitunguu saumu, pilipili kali, ndimu; chumvi nusu kijiko cha chai.

Namna ya kupika: Kaanga nyama bila kuongeza mafuta hadi maji yakauke. Mwaga mafuta yaliyojitoa. Tia vitunguu, kisha nyanya, karoti na hoho, funika. Vikilainika, tia maharage, pilipili, chumvi na maji kidogo. Acha vitokote dakika 15, kamulia ndimu, epua.

Maharage yana protini, kwa hiyo nyama kidogo inatosha. Pilipili na ndimu huleta ladha bila chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, kwa vyakula vyote.

Mgonjwa aendelee na dawa zake kama alivyoagizwa. Chakula hiki si badala ya dawa.