Pedali ya Breki Inaposhuka Chini: Somo kwa Wenye Land Rover za Zamani



Mwezi uliopita mzee mmoja alifika ofisini kwetu na Land Rover aliyoifufua mwenyewe. Ni ya Series IIA, aina iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1961 hadi 1971, fremu fupi ya inchi 88. Alikuwa ameipaka rangi, akaweka viatu vipya vya breki, silinda mpya za magurudumu na mabomba mapya ya mpira. Lakini pedali ya breki ilikwenda chini karibu na sakafu.

"Sasa unasimamaje, mzee?" nikamwuliza.

"Napiga mara mbili, karani. Ya pili inashika."

Gari hilo hubeba maziwa kila asubuhi, na watoto wa majirani hupanda nyuma kwenda shule. Kwa sababu hiyo nimeonelea somo la mwezi huu liwe juu ya pedali hiyo. Mkulima anayepiga breki mara mbili amekwisha kuzoea ugonjwa, na siku mtoto atakapokatiza barabara hatakuwa na nafasi ya kupiga mara ya pili.

Kwanza fahamu jinsi breki hizi zinavyofanya kazi. Unapokanyaga pedali, silinda kuu, ile ambayo mafundi huiita masta, husukuma mafuta kwenye mabomba mpaka kwenye magurudumu. Huko mafuta husukuma viatu viguse dramu. Ifikirie masta kama kibaba: kila ukikanyaga, inatoa kipimo kilekile na si zaidi. Ikiwa viatu viko karibu na dramu, kibaba kimoja chatosha na pedali hubaki juu. Ikiwa viko mbali, kibaba chote huishia njiani, na unahitaji cha pili. Basi swali ni moja tu: mwendo wa mguu wako unapotelea wapi?

Kaa ndani ya gari likiwa limesimama. Kanyaga mara moja, kisha upesi mara ya pili, na usikilize mguu wako.

Pedali ikipanda mara ya pili na kuwa ngumu kama jiwe, mafuta yako ni mazima. Viatu ndivyo vilivyo mbali na dramu. Ikipanda lakini inabonyea kama unakanyaga mpira uliolegea, kuna hewa ndani ya mabomba. Ikisimama vizuri, kisha ukiishikilia kwa mguu ikashuka polepole, mafuta yanatoroka. Ama yanavuja nje, ama yanapita pembeni ya kikombe cha mpira ndani ya masta. Hiyo ya mwisho usiendeshe nayo hata mpaka sokoni. Katika Series II na IIA mafuta ya magurudumu yote manne hutoka katika silinda moja, na bomba moja likipasuka hakuna gurudumu litakaloshika.

Mzee akajibu kwamba pedali yake hupanda na kuwa ngumu. Hapo nilijua kwamba shida yake si masta. Nasema hivi kwa uchungu, maana mimi mwenyewe niliwahi kununua masta mpya kwa bei ya ndama, nikaifunga, na pedali ikabaki palepale. Ilikuwa ni nati za kurekebishia tu, kazi ya spana moja.

Kabla ya kuinua gurudumu, weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Inashika dramu moja iliyo nyuma ya gia, kwenye shafti inayokwenda ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gari laweza kubingirika ingawa breki ya mkono imevutwa. Tena usijilaze chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka gogo imara chini ya ekseli.

Katika gari la inchi 88 kila gurudumu lina nati moja ya kurekebishia, nyuma ya sahani ya breki. Izungushe mpaka gurudumu likataze kuzunguka, kisha ilegeze kidogo mpaka lizunguke huru. Sasa, na hapa ndipo wengi wanapokosea, rudi ukakanyage pedali kwa nguvu mara mbili tatu ili viatu vikae mahali pake. Halafu rekebisha tena. Mara nyingi utakuta nafasi imerudi. Wenye magari marefu ya inchi 109 wakumbuke kwamba gurudumu la mbele lina nati mbili, moja kwa kila kiatu, na zote mbili zinahitaji kurekebishwa.

Magurudumu matatu ya mzee yalitii. La nyuma upande wa kulia halikukataza hata kidogo; nati ilizunguka, ikazunguka tena, na gurudumu likaendelea kucheza. Tulipofungua dramu tuliona sababu. Kile kipande kilichopinda kama konokono, ambacho nati hukizungusha ili kisukume kiatu, kilikuwa kimelegea katika sahani, na kila kiatu kilipokisukuma kilirudi nyuma. Mzee alinunua kila kitu kipya isipokuwa sahani, kwa kuwa sahani haionekani kama kitu kinachochakaa.

Ukifungua dramu, usipulize lile vumbi. Viatu vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa. Angalia pia kama kiatu kipya kinagusa dramu yote au katikati tu. Dramu iliyochakaa imepanuka, na kiatu kipya ndani yake hugusa sehemu ndogo na kubonyea. Pedali itakuwa chini ingawa umerekebisha sawasawa. Tikisa gurudumu pia, kwa maana beringi iliyolegea huipindisha dramu.

Je, ukiwa umerekebisha yote na pedali bado iko chini? Bana mabomba matatu ya mpira, mawili ya mbele na moja la nyuma, kwa kibanio chenye midomo laini kisichokata mpira. Usibane bomba kuukuu lililopasukapasuka, hilo libadilishe. Pedali ikiwa juu na ngumu mabomba yakiwa yamebanwa, masta ni nzima. Achia bomba moja moja. Lile ambalo pedali hushuka ukiliachia ndilo linalokuonyesha upande wenye kasoro. Pedali ikiwa chini hata mabomba yakiwa yamebanwa yote, hapo ndipo uangalie masta, ukianza na fimbo inayoisukuma. Yapasa iwe na mchezo wa kiasi cha milimita 1.5 kabla ya kugusa pistoni. Mchezo ukizidi, mwendo wa pedali hupotea bure. Usipokuwapo kabisa, mafuta hayarudi na breki hubaki zimeshika.

Kuhusu hewa nitasema machache. Unapoitoa, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta, yaani la nyuma kushoto katika magari yetu, na usiache chombo cha mafuta kikauke. Tumia mafuta ya breki tu, kutoka mkebe uliofungwa vizuri. Mafuta ya injini huvimbisha mipira yote, na gharama yake utailia.

Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. DOT 4 mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini ikiisha kunywa maji yaweza kuchemka karibu na nyuzi 155. Ndiyo maana pedali huwa nzuri asubuhi kwenye tambarare, kisha ikazama baada ya mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Kinangop kwenda Naivasha. Badilisha mafuta kila miaka miwili, na uteremke kwa gia ndogo.

Mzee alipata sahani kwenye gari bovu la jirani. Tulilijaribu gari ndani ya uwanja wa ofisi, bila mzigo na bila abiria. Pedali ilishika juu, kwa mguu mmoja. Nikamwomba arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu viatu vipya vikiisha kukaa vizuri, nati hudai kurekebishwa tena.