Kaunta buku la babu lisiishie kufungia karanga

Mvua ikizidi na Mto Mirongo ukifurika, wakazi wa Mabatini, Mwanza, huwahi kuokoa godoro, televisheni na vyeti vya shule. Kaunta buku la babu, alimoandika bei ya pamba, misiba na tarehe za kuzaliwa watoto, huachwa chini ya kitanda. Likinusurika maji, huenda likaishia kufungia karanga.

Tusikubali. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa Waafrika walioubeba mwili wa David Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, hadi pwani baada ya kifo chake mwaka 1873. Aliandika shajara, na leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Blantyre, Uskoti. Kwa sababu hiyo tunaisoma safari ile kwa mkono wa Mwafrika aliyekuwamo. Wenzake wengi hawakuacha hata mstari.

Ikiwa kwenu kuna daftari kama hilo la babu, fanya hivi:

1. Liinue kutoka sakafuni. Lifunge kwa kitambaa safi cha pamba, uliweke ndani ya tranka la bati, juu ya matofali, mbali na ukuta wenye unyevu. Mfuko wa nailoni hufungia unyevu ndani, na joto la chini ya paa hukausha karatasi mpaka ikatike. Kila mwezi kagua kama kuna mchwa, mende au panya.

2. Likilowa, usilianike juani wala kulipiga pasi. Likaushe kivulini penye upepo, ukiweka karatasi nyeupe kati ya kurasa na kuzibadilisha kila zinapolowa. Kurasa zilizogandana usizibandue kwa nguvu.

3. Usilitengeneze mwenyewe. Epuka gundi, seloteipu na laminesheni, wala usipitishe peni juu ya wino uliofifia. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, mashariki mwa Kongo, Livingstone aliishiwa karatasi, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mimea. Maandishi yalififia mno, lakini mwaka 2011 wataalamu waliyasoma kwa kuyapiga picha chini ya mianga ya aina mbalimbali. Waliweza kwa kuwa wino wa awali ulikuwa bado upo.

4. Piga picha kila ukurasa kwa mpangilio, kuanzia jalada. Simu inatosha: kaa karibu na dirisha, zima flashi. Nakala moja ibaki kwako, nyingine mpe ndugu anayeishi nje ya Mwanza.

5. Wahi wazee. Waulize waliotajwa ni nani, na kijiji kinachoandikwa kiko wapi. Majibu yaandike kwenye karatasi ya pembeni, pamoja na jina la mwandishi na miaka aliyoandika.

6. Kaeni kikao cha familia kabla ya kulitoa nje. Shajara hubeba siri za ndoa, madeni na magonjwa. Mkikubaliana, wasilianeni na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, iliyowekwa na Sheria Na. 3 ya 2002. Ombeni makubaliano ya maandishi yanayoeleza nani atasoma, kuanzia lini, na nyinyi mtabaki na nakala gani. Msikubali kuuza kurasa mojamoja, kwani daftari lililochanwa hupoteza mtiririko wake.

Historia ya kanda yetu imeandikwa mno na wageni waliopita njia. Ya waliolima, waliovua na waliojenga Mabatini imo ndani ya matranka yetu. Fungua la kwenu wiki hii, kabla mvua hazijaanza.