Malori ya Ziwa Ladoga

Maji yakipatwa na baridi kali hugeuka barafu, na yakigeuka hutanuka. Vikombe kumi na kimoja vya maji huwa karibu vikombe kumi na viwili vya barafu. Nguvu ya kutanuka huko ni kubwa ajabu. Chupa iliyojaa maji na kuzibwa hupasuka, na chuma kinene cha injini hupasuka vilevile. Hiyo ndiyo hofu ya kwanza ya dereva katika nchi za baridi, maana injini ya lori huzungukwa na maji ya kuipoza, nayo yakiganda usiku mmoja tu, asubuhi lori halifai tena.

Zamani uhai wa mji mzima ulitegemea malori ya namna hiyo. Mwezi wa Septemba 1941 majeshi ya Wajerumani yaliuhusuru mji wa Leningrad katika nchi ya Urusi, mji uitwao leo Saint Petersburg. Njia za nchi kavu zikakatwa, na watu zaidi ya milioni mbili wakabaki ndani. Tangu tarehe 20 Novemba kipimo cha mkate kwa siku kilikuwa gramu 250 kwa mfanyakazi wa kiwandani, na gramu 125 kwa wengine, hata watoto. Gramu 125 ni kipande kinachoenea katika kiganja. Watu wakafa kwa njaa maelfu kwa maelfu.

Ilibaki njia ya Ziwa Ladoga, nalo likaanza kuganda. Tarehe 22 Novemba 1941 malori ya kwanza yalishuka juu ya barafu kwenda ng'ambo kuleta unga, mwendo wa kilomita 30 hivi. Barafu ilikuwa nyembamba bado. Kwa hiyo kila lori lilipakiwa magunia machache, na mengine yalifungiwa nyuma sleji, yaani gari lisilo na magurudumu, ili uzito usikae mahali pamoja. Madereva wengi waliendesha mlango ukiwa wazi katika baridi ile, wapate kuruka barafu ikivunjika. Malori mengi yalizama.

Kuna jambo jingine la kustaajabisha. Lori likipita juu ya barafu hufanya wimbi katika maji yaliyo chini yake. Mwendo wa lori ukilingana na mwendo wa wimbi, wimbi hukua, na barafu iliyochukua mzigo mzito jana huvunjika leo kwa mzigo mdogo. Wataalamu wa Leningrad walilipima jambo hili, wakaona kwamba mwendo wa karibu kilomita 35 kwa saa ni wa hatari. Basi dereva sharti ajue mwendo wake, aache nafasi kubwa kati yake na mwenziwe, wala asipige breki kwa ghafula.

Lori lililotumika zaidi lilikuwa GAZ-AA, lililofanyizwa kwa mfano wa Ford AA ya Marekani, la kuchukua tani moja na nusu. Halikuwa chombo cha fahari, lakini lilikuwa rahisi kutengenezwa, na katika baridi naona urahisi ni bora kuliko fahari. Malori ya namna hiyo yangali yakitunzwa na wapendao vyombo vya kale. Siku hizi wengi hutia katika rejeta dawa ya kuzuia maji yasigande; asiye nayo hufanya kama wazee. Jioni, injini ikiwa bado na moto, hufungua bilula na kumwaga maji yote, asisaze hata kidogo. Mafuta ya injini nayo hutolewa, kwa kuwa baridi huyafanya mazito kama asali, yakawekwa karibu na jiko. Asubuhi humimina maji ya moto bilula ikiwa wazi, hata yatokayo chini yawe na joto. Ndipo huifunga na kujaza. Mafuta yaliyopashwa moto hurudishwa, kisha injini huzungushwa kwa mkono wa chuma. Rejeta huvikwa blanketi nene.

Betri hulala nyumbani, kwani betri iliyokwisha nguvu huganda upesi kuliko iliyojaa. Breki ya mkono haivutwi usiku, isije ikagandamana; lori huachwa katika gia na kuwekewa kigingi gurudumuni. Na petroli isimwagike mkononi: haigandi kama maji, bali huwa na baridi ileile ya hewa, na ikikauka huzidi kuondoa joto, hata nyama ya vidole ikafa. Chuma kitupu nacho hunasa ngozi ya mkono usio na glovu.

Kazi hizi zote zilifanywa gizani, katika upepo, na ndege za adui zikipiga mabomu njiani. Barafu ikazidi unene, na mizigo ikazidi. Tarehe 25 Desemba 1941, siku ambayo sisi twaikumbuka Noeli, kipimo cha mkate kikaongezwa katika Leningrad: mfanyakazi gramu 350, na wengine gramu 200.